Idi Amin na Uvumi wa Kaswende

Leo tunajibu swali linaloulizwa tangu miaka ya 1970: je, Rais Idi Amin wa Uganda, mtu wa kabila la Kakwa mwenye asili ya Koboko katika eneo la West Nile, aliugua kaswende iliyopanda ubongoni?

Ugonjwa wenyewe upo. Kaswende huanza na kidonda kisichouma, nacho hupona chenyewe. Hufuata vipele, navyo hutoweka. Asiyetibiwa anaweza kuishi miaka kumi, ishirini au zaidi akijiona mzima, kumbe vijidudu bado vimo mwilini. Wengine hufikia kuharibikiwa ubongo: husahau, hubadilika tabia, hujiona wakuu kupita kiasi. Ndiyo maana watu walipomwona Amin akijipa vyeo na nishani, walisema ni kaswende.

Lakini daktari hathibitishi ugonjwa kwa kutazama nishani. Hupima damu, na ikibidi maji ya uti wa mgongo. Tena, kabla ya penisilini, mgonjwa ambaye kaswende ilikwisha kumharibu akili kwa kawaida alifariki ndani ya miaka michache. Amin alipinduliwa Aprili 1979, akaishi miaka 24 zaidi, akafa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003 baada ya figo kushindwa kufanya kazi.

Na hata kama angekuwa mgonjwa, Waasia walifukuzwa mwaka 1972 kwa amri iliyowapa siku 90, na Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977 akiwa mikononi mwa serikali. Mambo hayo yalihitaji amri, askari na maofisa waliotii. Kuvitupia vijidudu lawama ni kuwaondolea watu dhima yao. Kulitupia kabila zima lawama hizo ni dhuluma nyingine: baada ya 1979 raia wa West Nile wasio na hatia waliuawa kwa kisasi, na maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire.

Msikilizaji, kaswende bado ipo, na penisilini huiponya. Ukiona kidonda sehemu za siri, hata kisipouma, nenda kituo cha afya upimwe. Mama mjamzito, omba kipimo siku ya kwanza ya kliniki, kwa sababu kaswende inaweza kumuua mtoto tumboni. Nawe baba, fuatana naye mpimwe, na mkikutwa nayo mtibiwe pamoja.