Karatasi ya Muuguzi na Chai ya Mwajiri
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama wa tawi, nasi tumeombwa kuyaandika kwa ajili ya wale waliokuwa zamuni)



Leo twataka kusema juu ya karatasi. Wengine watasema tungeanza na mshahara. Mshahara tutaufikia, lakini njia yake yapita katika karatasi, na wengi wetu tumepotea hapo.

Iko hospitali moja ya watu binafsi, ambayo hatutaitaja kwa kuwa jambo lake halijaisha. Wauguzi wake walijiandikisha chamani mmoja mmoja, hata wakapita nusu ya wauguzi wote wanaoweza kuwa wanachama. Walipita kwa watu watatu tu. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 54, yasema ya kuwa chama kikiwa na zaidi ya nusu, mwajiri hana hiari: lazima akitambue na akae nacho mezani. Basi tukaandika barua.

Siku chache baadaye wauguzi wa mkataba wa mwaka mmoja wakaanza kuitwa ofisini, kila mtu peke yake, saa ya kubadilishana zamu. Hakuna aliyetukanwa. Walipewa chai. Wakaambiwa ya kuwa mikataba iko karibu kwisha, na ya kuwa hospitali ile ni jamaa moja, na jamaa haihitaji mtu wa nje kuja kuamua mambo yake. Barua ya kujitoa chamani ilikuwa imekwisha pigwa chapa. Kilichobaki ni sahihi. Wanne wakatia sahihi, na kwa watu wanne hao tukawa chini ya nusu.

Hatukuja hapa kuwalaumu. Mmoja wao ni mama anayelea watoto peke yake na kulipa kodi ya nyumba peke yake. Alitupigia simu usiku ule ule, akilia, akauliza kama amekosa. Tulimjibu ya kuwa aliyekosa ni yule aliyeandika barua ile kabla hajamwuliza. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo hiyo chamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi aache uanachama wake. Lakini kifungu kilicho kitabuni hakimsaidii mtu aliye peke yake ofisini na kikombe mkononi. Kingemsaidia kama angalikijua kabla ya kuingia, na kama mwenzake angalikuwa amesimama mlangoni akimngoja. Hayo mawili hatukuyafanya. Tulikusanya majina, tukafurahia hesabu, tukawaacha watu. Kosa hilo ni letu sisi viongozi.

Wazee waliokuwapo wanakumbuka ya kuwa haki hii haikupatikana juzi. Mapatano makubwa baina ya waajiri, vyama na serikali yalitiwa sahihi mwezi wa Oktoba 1962, Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi. Lakini mwaka 1980 chama cha wafanyakazi wa serikali kilifutwa, na muuguzi wa hospitali ya serikali akakaa miaka mingi bila mtu wa kumsemea. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, ndiyo iliyoandika wazi haki ya kila mfanyakazi kuingia chamani, kupatana na mwajiri kwa pamoja, na kugoma.

Sasa sikilizeni habari ya madaktari, maana ni darasa letu pia. Mwezi wa Juni 2013 walitia sahihi mapatano na serikali. Walirudi wodini wakidhani kazi imekwisha. Mapatano yale hayakuandikishwa mahakamani. Na sheria, kifungu cha 59, yasema mapatano huanza kuwa na nguvu ya kutekelezwa yakiisha andikishwa katika Mahakama ya Kazi. Miaka mitatu ilipita. Tarehe 5 Desemba 2016 waligoma, wakarudi tarehe 14 Machi 2017, siku 100. Katikati ya siku hizo viongozi wao saba walitiwa gerezani kwa kutotii amri ya mahakama. Twasema hivi: mwajiri ana siku 14 za kupeleka mapatano mahakamani, na asipopeleka, chama chenyewe chaweza kuyapeleka. Mwandishi wa tawi asingoje hisani ya mtu.

Wauguzi nao wakashika zamu yao. Walitoka kazini mwezi wa Juni 2017, wakarudi mwezi wa Novemba. Miezi mitano! Walidai mapatano na serikali za kaunti, ambazo zilikwisha pewa kazi ya hospitali tangu mwaka 2013, nayo Tume ya Mishahara ikayapinga kwa ajili ya fedha. Muuguzi aliyeajiriwa na kaunti alijikuta ana waajiri wawili watatu, kila mmoja akimwonyesha mlango wa mwenzake.

Na hapa hatuna budi kusema jambo ambalo katika mikutano mingine hunyamaziwa. Mgomo wa hospitali si kama mgomo wa kiwandani. Kiwandani mashine hunyamaza, na hasara ni ya mwenye mashine. Wodini anayeumia kwanza ni maskini, maana tajiri ana pahali pengine pa kwenda. Sheria imeitia kazi ya hospitali katika kazi za lazima na kukataza mgomo humo; Katiba yatoa haki ya kugoma; na katikati yake amesimama muuguzi. Sisi hatusemi msigome kamwe. Twasema mgomo uwe kitu cha mwisho kabisa, baada ya msuluhishi na baada ya mahakama, na atakayeuitisha awe tayari kumtazama usoni mama mwenye mtoto mgonjwa. Asiyeweza hilo asituitishie.

Kabla ya hapo tunayo silaha ambayo mwajiri haipendi, nayo ni kitabu cha ripoti ya zamu. Mkiwa wawili kwa wagonjwa arobaini, andikeni wawili kwa arobaini, na saa, na dawa iliyochelewa kwa kukosa mkono. Msiandike kwa hasira. Andikeni kila usiku. Mezani mwajiri atasema wauguzi wanatosha. Basi mwambieni kitabu chake kiletwe.

Turudi kwa ile hospitali. Wawili kati ya wale wanne wameomba fomu tena. Tukipata wawili hao tutakuwa juu ya nusu kwa mtu mmoja, na mtu mmoja ni mtu wa kuitwa chai. Kwa hiyo tumekubaliana: atakayeitwa ofisini asiende bila kumwarifu mwakilishi wa wodi, asitie sahihi karatasi yoyote siku ile ile, aombe nakala aende nayo nyumbani.

Fomu S ziko kwa mwandishi wa tawi. Tutakutana Jumamosi saa tisa, ili waliotoka zamu ya usiku wapate kulala kwanza.