Ana Moja kwa Mtoto

Leo tunavuka Bahari ya Hindi hadi Madras, mji ambao siku hizi unaitwa Chennai, kusini mwa India. Mwaka ni 1920. Mwingereza bado anatawala, lakini halmashauri ya jiji iko mikononi mwa wenyeji wa chama cha Justice, chini ya Theagaraya Chetty. Bwana huyu anawaeleza madiwani wenzake kwamba shule ya jiji iliyoko mtaa wa Thousand Lights inapungukiwa na wanafunzi, maana watoto wa pale ni wa watu maskini. Anaomba wapewe chakula cha mchana. Madiwani wanakubali, ila gharama isizidi ana moja kwa mtoto kwa siku. Ana kumi na sita ndizo zilizofanya rupia, rupia ile ile ambayo mababu zetu wa pwani waliitumia kuuzia na kununulia.

Mpango ukaenea katika shule nyingine chache, madarasa yakaanza kujaa. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ikakataza fedha za elimu ya msingi kutumika kununua chakula, na mpango ukasimama. Wazazi wa Thousand Lights hawakuwa na pa kushtaki. Chakula kile kilitoka kwa hisani ya halmashauri, na hisani haina kesi.

Baada ya uhuru jambo hili likamwangukia mtu aliyelijua vizuri. K. Kamaraj alizaliwa mwaka 1903, akafiwa na baba akiwa mdogo, na akaacha shule akiwa bado mtoto ili akafanye kazi dukani kwa mjomba wake. Mwaka 1954 mtu huyo ndiye Waziri Kiongozi wa jimbo la Madras. Alikuta mpango wa mtangulizi wake uliotaka watoto wasome nusu siku, na nusu nyingine wajifunze kazi za wazazi wao. Kwa nchi yenye matabaka kama India, maana yake ilikuwa mtoto wa dobi arudi kwenye nguo chafu za wenye nchi. Kamaraj aliufuta. Husimuliwa mpaka leo kwamba siku moja, akiwa ziarani, alimuuliza mtoto aliyekuwa akichunga mifugo kwa nini hayuko darasani, na mtoto akamrudishia swali: nikienda shule, nani atanilisha? Mwaka 1956, katika mji mdogo wa Ettayapuram, chakula cha mchana shuleni kilizinduliwa upya. Mwanzoni wanakijiji wenyewe walichanga nafaka, mboga na vyombo, kisha serikali ikaingiza mkono wake.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu anaingia mcheza sinema. M. G. Ramachandran, ambaye watu wa huko humwita MGR tu, alikuwa nyota wa filamu za Kitamil aliyependwa kupita kiasi. Kabla ya hapo alikuwa mtoto yatima wa baba, na mama yake hakuwa na uwezo wa kumlisha. Alipelekwa kwenye kikundi cha maigizo akiwa mdogo, mahali ambapo angalau chakula kilipatikana. Alipokuwa Waziri Kiongozi wa jimbo lile lile la Kamaraj, mnamo tarehe 1 Julai 1982, alizindua mpango mkubwa wa chakula katika kijiji cha Pappakurichi, karibu na Tiruchirappalli. Ulianza na watoto wa vijijini, kuanzia wenye miaka miwili. Miezi michache baadaye ukaingia mijini. Wataalamu wa uchumi walimshambulia, wakasema anafuja fedha za maendeleo kwa kutafuta kura. Kura alizipata, hilo halina ubishi. Lakini watoto walikula: wali uliotoka jikoni wakati huo huo, na mchuzi wa mbaazi na mboga uitwao sambar. Mbaazi hizo ni zile zile ambazo wakulima wa Lindi na Mtwara huziuza India. Na jikoni, kipaumbele cha ajira walipewa wajane na wanawake wasio na msaada. Serikali iliyokuja baadaye ikaongeza mayai, mwanzoni mara moja kila wiki mbili. Kila chama kilichoingia madarakani kilijikuta hakithubutu kuupunguza mpango huo, kikashindana na mwenzake kuongeza.

Majimbo mengine yalikuwa mbali sana na hapo. Mwaka 1995 serikali kuu ya Delhi ilitangaza lishe shuleni kwa nchi nzima, lakini mahali pengi mtoto alipewa kilo tatu za nafaka kwa mwezi aende nazo nyumbani. Nyumba yenye njaa haiwezi kumtengea mmoja. Nafaka iliingia sufuria ya wote, na saa sita mchana mwanafunzi alikuwa na tumbo tupu kama kawaida.

Ukame ulipoikamata Rajasthan, watetezi wa haki za binadamu wa shirika la PUCL waliona jambo la aibu: watu wana njaa, na maghala ya serikali yamefurika hadi nafaka inaozea nje. Mwezi Aprili 2001 wakaenda Mahakama ya Juu. Hoja yao ilikuwa fupi. Katiba inalinda uhai, na asiye na chakula hana uhai wa kulindwa. Tarehe 28 Novemba mwaka huo majaji waliamuru kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali, au inayosaidiwa na serikali, apewe chakula kilichopikwa, chenye kalori zisizopungua 300 na protini ya gramu 8 hadi 12, kwa siku zisizopungua 200 kwa mwaka. Majimbo yalipewa miezi sita. Mengi yalijikokota, hata wanaharakati wakawa wanawapikia watoto hadharani ili kuwaaibisha wakubwa. Rajasthan ilianza mwaka 2002 kwa ngano ya kuchemsha na sukari guru, siku nenda siku rudi, mpaka watoto wakaichoka. Hata hivyo kilikuwa chakula cha moto, na safari hii mzazi alikuwa na pa kushtaki.

Mwaka 2004 mahakama hiyo iliongeza agizo zito zaidi: katika kuajiri wapishi, Wadalit, yaani watu wa chini kabisa katika matabaka, na watu wa makabila yaliyotengwa watangulizwe. Kuna wazazi wa matabaka ya juu waliowatoa watoto wao shuleni kuliko waache wale kilichoguswa na mkono wa Mdalit. Mimi naona hapo ndipo sahani ya wali ilipofanya kazi ambayo vitabu vingi havikuifanya.

Yako pia ya kuliza. Tarehe 16 Julai 2004, huko Kumbakonam, moto ulioanzia jiko la shule lililoezekwa kwa makuti uliua watoto 94. Tarehe hiyo hiyo, mwaka 2013, katika kijiji kimoja cha Bihar, watoto 23 walikufa kwa chakula kilichopikwa kwa mafuta yaliyochanganyika na sumu ya wadudu. Jiko la shule linahitaji paa imara, stoo safi na mtu anayeonja kabla ya mtoto.

Mtu huyo, mara nyingi, ni yule mama mpishi. Mwaka huo huo wa 2013 bunge liliweka chakula cha shuleni ndani ya sheria ya usalama wa chakula, na leo wapishi wake nchini kote ni zaidi ya milioni mbili, wengi wao wanawake. Serikali kuu haiwahesabu kama waajiriwa. Posho yao ilipangwa kuwa rupia 1,000 kwa mwezi mwaka 2009, kwa miezi kumi tu ya mwaka. Majimbo kadhaa yameongeza ya kwao juu yake, lakini kiwango cha Delhi kimekaa pale pale kwa miaka mingi, na akina mama hao wamekuwa wakiandamana na kudai watambuliwe kuwa wafanyakazi.