KOMPYUTA NI CHOMBO CHA WAFANYAKAZI WOTE
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama wa Kisii na Nyamira)

Leo hatusemi juu ya kiasi cha mshahara, ila juu ya njia ambayo mshahara wenyewe hupitia.

Zamani mfanyakazi alipanga mstari mbele ya meza ya karani, akahesabiwa shilingi zake, akatia sahihi au dole gumba. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha nyingi huja kwa simu. Maombi ya kazi, vyeti na kodi hupitia kompyuta. Asiyeweza kukitumia chombo hiki amefungiwa nje.

Ni nani hao walio nje? Kwanza ni kina mama. Kutoka Kebirigo mpaka Nyamache wao ndio wachumao chai. Ndizi zilizoko soko la Daraja Mbili wao ndio waliozibeba. Lakini mara nyingi shamba limeandikwa jina la mume, na simu inayopokea habari za malipo ni ya mume. Mama amechuma, kilo zake hazijui. Tena wako wasemao kompyuta ni kazi ya wanaume. Mwaka 1946, mtambo wa ENIAC ulipoonyeshwa watu huko Marekani, walioupangia hesabu zake walikuwa wanawake sita.

Pili ni wenzetu wasioona, viziwi, na walioumia mikono. Asiyeona akimpa mtu namba yake ya siri ili asomewe salio, amempa ufunguo wa sanduku lake. Haya si majaliwa. Simu nyingi za kisasa zina sauti ya kusoma yaliyo kwenye kioo. Ni kuiwasha tu. Kwa kompyuta iko programu ya NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, naye mwenyewe haoni. Hutolewa bure, na yaweza kusoma Kiswahili. Basi mwajiri akilia gharama, mwulizeni: gharama gani?

Wengine watasema, "Bei ya chai ni ndogo, kompyuta ya nini?" Ndugu, kilo na bei hiyo zimeandikwa ndani ya kompyuta. Usiyoweza kuyasoma utayadai vipi?

Sheria iko upande wetu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu 27, yakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia au ulemavu. Kifungu 54 champa mlemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia, na kutumia lugha ya ishara na Braille. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimlishi mtu.

Kwa hiyo twadai:

1. Mafunzo ya kompyuta yafanyike saa za kazi, maana jioni mama ana jiko na watoto. Na nusu ya nafasi ziwe za kina mama.

2. Kila mtu alipwe kwa namba yake mwenyewe, na hati ya malipo iwe kwa Kiswahili, isomeke kwa macho na kwa sauti.

3. Kabla ya mtambo mpya kununuliwa, waulizwe watakaoutumia, walemavu wakiwamo.

Kila tawi lichague mama mmoja na mlemavu mmoja wayashike madai haya mbele ya mwajiri, nasi sote tusimame nyuma yao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja ni nguvu!