NANI HUIPIMA MIZANI?

Somo letu la leo ni juu ya mitihani ya taifa, na jinsi inavyoangaliwa.

Tuanze na jambo ulijualo. Unapopeleka kahawa yako kwenye chama cha ushirika, jicho lako huenda wapi kwanza? Kwenye mizani. Mizani ikiwa mbovu, na mkaguzi wa vipimo hakuiona, jasho lako la mwaka mzima limepotea. Basi, mtihani nao ni mizani.

Mwenye mizani hii ni Baraza la Mitihani la Tanzania. Bunge liliunda Baraza hilo kwa sheria ya mwaka 1973, baada ya nchi yetu kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971. Kazi yake ni kutunga mitihani ya taifa, kuisimamia na kutoa vyeti.

Je, mwenye mizani aweza kukosea? Mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012 watupa jibu. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Wazazi wakalalamika, na Waziri Mkuu, Bwana Mizengo Pinda, akaunda tume. Ikaonekana kwamba alama zilipangwa kwa utaratibu mpya usioandaliwa vya kutosha. Mwezi wa Mei Serikali ikayafuta matokeo, ikaagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa mwaka 2011. Waliopata sifuri wakapungua kwa maelfu.

Lakini angalia: walioshindwa bado walikuwa wengi mno. Kutengeneza mizani hakuongezi kahawa guniani. Kulijaza gunia ni kazi ya mwalimu, ya mtoto, na yako wewe mzazi.

Kwa hiyo usingoje siku ya matokeo. Yafunue madaftari ya mwanao. Hudhuria mkutano wa wazazi. Iulize Kamati ya Shule. Na matokeo yakikutia shaka, usinung'unike tu penye rubisi. Mwulize mkuu wa shule namna ya kukata rufaa, kwa maana njia ipo.

Maswali ya kikundi chenu:
1. Mtihani wafananaje na mizani?
2. Kwa nini matokeo ya mwaka 2012 yalifutwa?
3. Ninyi mtakwenda shuleni lini?