Mlima, Mvua na Mawimbi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia Mawasiliano

Mazungumzo na watumiaji wa huduma za mawasiliano wa Mbeya na Iringa



Wahenga walisema milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Hapa Nyanda za Juu Kusini msemo huo una uzito wa pekee, maana binadamu hukutana kwa simu huku milima imesimama katikati yao. Mkulima wa viazi wa Mbeya huafikiana bei na mnunuzi aliye Dar es Salaam kabla hajajaza magunia. Mfanyakazi wa shamba la chai Mufindi hutuma fedha nyumbani bila kupanda gari. Mzazi wa Kilolo hulipa ada akiwa shambani. Mawasiliano yakikatika, hayakatiki maongezi peke yake. Hukatika pia mauzo, nauli, ada na pengine dawa ya mgonjwa.

Leo nitazungumzia jambo moja. Kila huduma ya mawasiliano ina njia inayopitia, na kila njia ina udhaifu wake. Mtumiaji anayeijua njia hiyo hununua kinachomfaa, na huweza kutenganisha kosa la mvua na kosa la mtoa huduma. Asiyeijua hulipa mara mbili, kisha hunyamaza pale alipokuwa na haki ya kudai.

Mnara na kivuli cha mlima

Simu ya mkononi haizungumzi na simu nyingine moja kwa moja. Huzungumza na mnara ulio karibu kwa mawimbi ya redio, na mnara huo ndio unaopeleka sauti au ujumbe mbele. Mawimbi hayo hupenda kwenda kwa mstari ulionyooka. Yakikuta mlima, sehemu kubwa hukwama, na nyuma ya mlima hubaki kivuli, kama kivuli cha jua la jioni. Ndiyo maana, katika miteremko ya Rungwe au mabonde ya Udzungwa, jirani wawili wanaotumia mtandao uleule wanaweza kupata huduma tofauti kabisa: mmoja kajenga mgongoni mwa kilima, mwingine kajenga bondeni.

Mawimbi nayo hayafanani. Yale ya masafa ya chini, kama megahezi 700, 800 na 900, husafiri mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi kuliko yale ya megahezi 1800 au 2100. Kwa hiyo mahali pamoja panaweza kupitisha sauti vizuri na kushindwa kupitisha picha. Tazama alama iliyo juu ya kioo cha simu yako. Ukiona herufi E au 2G, unaweza kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi, lakini intaneti itakwenda kwa kujikongoja. H au 3G ni nafuu zaidi, na 4G ni bora zaidi ya hizo. Mtu anayenunua kifurushi kikubwa cha intaneti mahali penye herufi E amenunua maji mengi ya kupitisha kwenye bomba jembamba. Muda wa kifurushi utakwisha kabla maji hayajaisha.

Serikali inautambua ugumu huu wa ardhi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ili minara ijengwe mahali ambapo biashara peke yake isingeijenga. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 nchini. Kijiji kisicho na mtandao hakina sababu ya kukaa kimya. Hoja hiyo ijadiliwe katika mkutano wa kijiji, iandikwe kwenye muhtasari, na ipelekwe halmashauri pamoja na majina ya vitongoji visivyofikiwa.

Mistari imejaa, lakini intaneti haipo

Wengi huuliza: inakuwaje mistari ya mtandao imejaa, lakini intaneti haifunguki? Mistari ile hupima kipande kimoja tu cha safari, yaani kutoka kwenye simu hadi kwenye mnara. Baada ya mnara ipo safari nyingine ndefu. Ujumbe huruka kutoka mnara hadi mnara, au huingia katika nyuzi za kioo zinazoitwa faiba. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, hupita katika mikoa hii ukielekea mipaka ya Zambia na Malawi. Kutoka Dar es Salaam, sehemu kubwa ya intaneti yetu huvuka bahari kwa nyaya zilizolazwa chini ya maji.

Mei 12, 2024, nyaya mbili kati ya hizo, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota nchini kwetu na katika nchi jirani. Mtu wa Iringa aliyezima na kuwasha simu yake mara kumi siku ile hakuwa na tatizo la simu wala la mnara. Tatizo lilikuwa baharini.

Fundisho lake kwa mtumiaji ni hili. Intaneti ikikataa huku mistari imejaa, usikimbilie kununua kifurushi kingine wala kumpa fundi simu aifungue. Jaribu kwanza laini ya mtandao mwingine. Ikikataa nayo, huenda tatizo ni kubwa kuliko mtaa wako. Na ikiwa ulikuwa unatuma fedha wakati mtandao unayumba, usitume mara ya pili kabla ya kuangalia salio na kumuuliza mpokeaji. Ujumbe wa kuthibitisha unaweza kuchelewa ilhali fedha zimekwisha kwenda.

Setilaiti: mnara wa angani

Mwaka 1945 mwandishi Mwingereza, Arthur C. Clarke, alieleza kwamba chombo kikiwekwa juu ya ikweta kwenye kimo cha takriban kilomita 36,000, kitazunguka sambamba na dunia, na kwa mtu aliye ardhini kitaonekana kimesimama mahali pamoja. Setilaiti za namna hiyo ndizo zinazorusha matangazo ya televisheni kwenye madishi yetu. Kwa kuwa hazisogei machoni petu, dishi hufungwa mara moja na kuelekezwa upande mmoja.

Sifa kubwa ya setilaiti ni kwamba mlima wa jirani hauizuii kirahisi, kwa kuwa mawimbi yake hutoka juu. Aprili 30, 2013, mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Mbeya, wananchi walihitaji ving'amuzi, na hadi leo aina mbili kuu huchanganywa. Ipo aina inayotumia antena na kupokea mawimbi ya mitambo ya ardhini, na ipo inayotumia dishi. Anayeishi kwenye kivuli cha mlima akinunua king'amuzi cha antena, ananunua kifaa kizima kisicho na cha kupokea. Muulize muuzaji aina yake kabla ya kutoa fedha, na muulize jirani yako anatumia ipi.

Kwa intaneti, umbali wa setilaiti hizo za juu una gharama yake. Mawimbi ya redio huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kupanda na kushuka ni karibu robo sekunde, na swali pamoja na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde. Kusoma barua hakuathiriki, lakini katika mazungumzo ya video watu hukatizana maneno. Utafiti wa miaka ya karibuni umeelekea kwenye setilaiti za chini, nyingine zikiwa kwenye kimo cha takriban kilomita 550, ambako ucheleweshaji unaotokana na umbali ni mdogo mno. Hata hivyo, setilaiti iliyo chini haisimami mahali pamoja. Hupita upesi, na nyingine hupokea zamu. Kwa sababu hiyo huhitajika setilaiti nyingi sana, na kifaa cha nyumbani kinachotaka anga lililo wazi. Bonde jembamba au miti mirefu huweza kuivuruga huduma hiyo.

Mvua nayo ina sehemu yake

Matangazo ya dishi hutumia masafa ya juu, aghalabu zaidi ya gigahezi 10. Urefu wa wimbi moja katika masafa hayo ni takriban sentimita mbili na nusu, na matone makubwa ya mvua huyanyonya na kuyatawanya mawimbi hayo. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, umekusanya tafiti za miaka mingi juu ya jambo hili na hutoa kanuni za kukadiria mvua itapunguza mawimbi kwa kiasi gani. Nchi za tropiki, zenye mvua za kishindo, huathirika zaidi kuliko nchi za manyunyu.

Kwa hiyo, picha ikikatika vipande vipande Tukuyu wakati wa mvua kubwa, kisha ikarudi mvua inapopungua, hiyo ni kazi ya mvua. Lakini ikikatika kwa manyunyu madogo, au ikabaki mbovu baada ya jua kutoka, basi dishi limepinda, ni dogo mno, au waya umeingia maji. Hapo una haki ya kumwita aliyekufungia alirekebishe. Fundi mzuri hupima nguvu ya mawimbi mbele yako na huacha akiba kwa ajili ya siku ya mvua. Haridhiki kwa sababu tu picha imeonekana siku ya jua.

Mipakani

Ndugu zetu wa Kyela wanaokaa karibu na Kasumulu wanafahamu kwamba mawimbi hayana pasipoti. Simu inaweza kushika mnara wa nchi jirani, na makato yakawa ya mtu aliye safarini nje ya nchi. Ingia kwenye mipangilio ya simu, chagua mtandao wako mwenyewe, na uzime matumizi ya data nje ya nchi.

Lipo pia suala la vifaa. Huduma ya intaneti ya setilaiti za chini ya kampuni ya Starlink ilianza Kenya, Malawi na Zambia mwaka 2023, na vishawishi vya kununua kifaa ng'ambo ya mpaka ni vingi. Kabla ya kununua kifaa cha aina yoyote, uliza maswali mawili: je, mtoa huduma ana leseni ya kutoa huduma hiyo Tanzania? Je, kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA? Jibu likiwa hapana, huduma ikizimwa utabaki na kifaa kisicho na kazi, na hutakuwa na pa kulalamikia.

Kabla ya kulipa, na baada ya kuumizwa

Kabla ya kulipa, azima laini ya mtandao unaoutaka na uijaribu palepale utakapoitumia: asubuhi, jioni watu wanapokuwa wengi, na siku ya mvua. Katika tangazo la kasi, litafute neno “hadi”. Neno hilo hutaja kilele cha kasi. Halikuahidi kwamba utakifikia. Uliza kifurushi kinaisha lini na kifaa kina dhamana ya muda gani. Tunza risiti.

Ukiona huduma hairidhishi, andika tarehe, saa, kijiji na kitongoji, kilichokataa, na kama mitandao mingine ilikuwa ikifanya kazi. Peleka malalamiko kwanza kwa mtoa huduma, na usiondoke bila namba ya kumbukumbu. Asipokutatulia, yapeleke TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Tena, tangu Machi 2017 unaweza kuhamia mtandao mwingine na kubaki na namba yako ileile. Anza kwa kumwona wakala wa mtandao unaotaka kuhamia.

Ndugu wananchi, hakuna ofisi inayoweza kuusogeza mlima wala kuizuia mvua ya Rungwe. Lakini mlima na mvua visigeuzwe kisingizio cha dishi lililofungwa ovyo, mnara uliozimika kwa wiki nzima, au kifurushi kilichouzwa mahali kisipoweza kutumika. Tofauti hiyo ndiyo fedha yenu, na mwenye kuilinda kwanza ni yule anayeuliza kabla ya kulipa.