Kiwiko Kinapouma, Tutazame na Vidole

(Mada iliyotolewa katika semina ya kamati za parokia)



Maumivu ya kiwiko huenda yakaonekana mada ndogo. Lakini ninyi ndio mnaoamua nani apewe nauli ya hospitali leo na nani asubiri, na maumivu peke yake hayawaambii. Zinazosema ni dalili zinazofuatana nayo.

Mama anayelima kwa jembe la mkono na kukamua nguo huweza kuumwa upande wa nje wa kiwiko, hata kushika kikombe kukamshinda. Hizo ni kano zilizochoka. Apunguze kazi ile (ni rahisi kusema, najua, kamati izungumze na wa nyumbani kwake). Wengi hupona ndani ya mwaka 1. Sindano ya stiroidi hutuliza kwa wiki chache, kisha mara nyingi maumivu hurudi, kwa hiyo fedha za mfuko zisikimbilie huko.

Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete huonyesha neva iliyobanwa nyuma ya kiwiko. Ikidumu, misuli ya kiganja hunywea. Aonwe na daktari, ingawa si usiku huo huo. Lakini kiwiko kilichovimba na kuwa cha moto, na mgonjwa ana homa, huenda kina usaha ndani ya kiungo. Huyo hasubiri kesho.

Sasa watoto. Mtoto wa miaka 5 hadi 7 akianguka kutoka mtini, mfupa huweza kuvunjika juu kidogo ya kiwiko, na mshipa mkuu wa damu ya mkono unapita papo hapo. Vijijini mara nyingi hupelekwa kwanza kwa fundi wa kuunga mifupa. Wapo mahiri, sibishi, ila vijiti vikikazwa, damu haipiti. Mwaka 1881 Richard von Volkmann, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, alieleza jinsi mkono uliofungwa kwa kubana unavyopooza na vidole kubaki vimejikunja. Misuli iliyokosa damu huanza kufa ndani ya saa chache.

Kwa hiyo tazameni vidole. Vikiwa baridi, kucha zimepauka, mtoto havihisi, au analia sana vikinyooshwa, legezeni vitambaa mara moja, msiukunje mkono, na nauli itoke bila kungoja kikao. Mweka hazina ataandika hati ya malipo baadaye.