Uaminifu Katika Mambo Madogo

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni. Masomo: Mambo ya Walawi 6:1-7, Luka 19:1-10)

Tunawasalimu popote mlipo asubuhi ya leo: ninyi mnaowasha moto jikoni, ninyi mnaongoja gari barabarani, ninyi wagonjwa mlio vitandani, na ninyi mliokwisha kufungua duka na kuweka redio juu ya kaunta. Karibuni tulitafakari neno la Mungu pamoja kwa dakika hizi chache.

Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia, katika sura ya 5, alitaja mambo tisa ambayo Roho Mtakatifu huyazaa ndani ya mtu. La kwanza ni upendo na la mwisho ni kiasi. Tena hakuyaita matunda mengi, bali tunda moja. Basi haiwezekani Mkristo kuchagua, akasema, "Mimi nitachukua furaha na amani, hayo mengine nawaachia wenzangu." Leo tungependa kulitazama lile la saba, ambalo huonekana dogo na wengi hulipita haraka, nalo ni uaminifu.

Wengi wetu tukisikia neno hili twawafikiria watu wakubwa wenye ofisi kubwa. Twasema, "Laiti viongozi wetu wangekuwa waaminifu!" Hayo ni kweli, na tuwaombee. Lakini Bwana wetu alifundisha kwamba mtu hupimwa kwanza kwa kidogo kilicho mkononi mwake, wala si kwa kingi ambacho hajapewa. Nasi tunaozungumza nanyi tulijifunza jambo hili kwa aibu, na si kwa vitabu vya chuo cha theolojia. Turuhusuni tuwaeleze.

Miaka mingi iliyopita tulikuwa shemasi, tumetoka chuoni karibuni, tukitumikia kanisa moja katika nchi ya milima. Siku moja ya Ijumaa jioni tuliingia katika duka moja sokoni kununua sukari, majani ya chai, sabuni na mafuta ya taa. Jumla ilikuwa shilingi 180. Tulitoa noti ya shilingi 500. Aliyetuhudumia alikuwa kijana wa miaka kama kumi na minane hivi, mpole, mwenye haraka kwa sababu watu walikuwa wengi na taa zilikuwa hazijawashwa. Alitupa chenji, tukaikunja, tukakimbilia matatu.

Tulipofika nyumbani tulihesabu. Badala ya shilingi 320 tulikuta shilingi 820. Yule kijana alidhani tumempa noti ya elfu moja.

Ndugu zangu, moyo wa mwanadamu ni wakili hodari. Hautakosa neno la kumtetea mwenyewe. Kwanza tulisema, "Usiku umeingia, tutarudisha kesho." Kesho yake kulikuwa na mazishi. Kisha tukasema, "Lile ni duka kubwa, mwenyewe hatazihisi." Kisha tukasema, "Mshahara wa shemasi ni mdogo, na mtoto anahitaji viatu vya shule." Na mwisho, tunaona haya kusema, tulipiga magoti tukamshukuru Mungu kwamba ameona haja yetu. Jumapili tulisimama kanisani tukisaidia katika Meza ya Bwana, na sehemu ya zile pesa imo mfukoni chini ya kanzu.

Ijumaa iliyofuata tulirudi dukani. Nyuma ya kaunta alisimama mtu mwingine. Tukamwuliza mwenye duka, "Mzee, yule kijana yuko wapi leo?"

Akajibu, "Mchungaji, usinitajie yule. Nilimfukuza Ijumaa ile ile usiku. Tulipofunga hesabu zilipungua shilingi 500. Aliapa kwamba hajui zilikokwenda. Mwizi huapa siku zote."

Je, mnadhani tulisema neno? Hatukusema. Watu walikuwa wamesimama pale, na baadhi yao ni washiriki wetu. Tulinunua sukari, tukalipa, tukatoka. Mara ya kwanza tulinyamaza kwa ajili ya pesa. Mara ya pili tulinyamaza kwa ajili ya heshima yetu, na mara hii ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa maana sasa tulijua ni nani anayelipa deni letu.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Usiku ule mguu ulikuwa umevimba hata hatukuweza kulala. Tukamwamsha mama watoto, tukamweleza yote. Hakutulaumu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza jambo moja tu: "Na mama yake yule kijana ameambiwa nini?"

Hapo tukaelewa kwamba tulikuwa tumechukua zaidi ya shilingi 500.

Wapenzi, katika Mambo ya Walawi sura ya 6 kuna sheria juu ya mtu aliyemdhulumu jirani yake, au aliyeokota kilichopotea akakikana. Sheria hiyo ina utaratibu wake. Mtu huyo atarudisha kitu chenyewe kikamilifu, ataongeza juu yake sehemu ya tano, naye atampa mwenyewe siku ile ile anapoleta sadaka yake ya hatia. Angalieni kwamba mwenye mali hasahauliki. Mtu hawezi kumpitia jirani pembeni, akaenda kumalizana na Mungu hekaluni kana kwamba jirani hayupo. Naye Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya 5, alifundisha vivyo hivyo: mtu akikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake, na aiache sadaka palepale, aende akapatane kwanza.

Basi asubuhi ya Jumamosi tulimkopa jirani, kwa kuwa shilingi 200 tulikuwa tumekwisha kuzitumia. Tukaenda dukani na shilingi 600, yaani zile 500 na sehemu ya tano yake. Tukamweleza yule mzee. Aliketi juu ya gunia la sukari, asiseme neno kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mchungaji, nilimpiga yule mtoto kofi mbele ya watu." Akachukua 500. Ile mia moja akairudisha mkononi mwetu, akasema, "Hii si yangu. Ni ya yule tuliyemkosea sisi wawili."

Ilikuwa siku ya soko, siku ya biashara kubwa, lakini mzee yule alifunga duka. Tulikwenda pamoja kwa miguu mpaka kwa mama wa kijana, ng'ambo ya mto. Tulimkuta kijana akipasua kuni. Tulimwomba msamaha mbele ya mama yake, na mzee naye akaomba msamaha kwa ajili ya kofi. Kijana aliinama tu. Lakini mama alitutazama, akasema kwa sauti ya chini: "Mchungaji, pesa umerudisha. Jina la mwanangu utalirudisha kwa njia gani? Aliitwa mwizi sokoni, wewe unakuja kumsafisha huku jikoni kwangu."

Hatukuwa na jibu, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Siku ya soko iliyofuata tulisimama mbele ya lile duka, sisi na yule mzee, na kijana na mama yake wakiwapo, tukawaambia watu waliokuwapo ni nani aliyekaa na zile shilingi 500. Wengine walicheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Kanisa limetuletea shemasi mwizi." Kuna mzee wa kanisa ambaye hakutupa mkono karibu mwaka mzima, na hatukumlaumu. Yule kijana alibembelezwa arudi dukani, akakataa. Alikwenda kwa mjomba wake kujifunza useremala. Hatuwezi kuwaambia kwamba kila kitu kilirudi mahali pake. Lakini tangu siku ile hakuitwa tena mwizi.

Sasa, ndugu, twajifunza nini? Kwanza, dhambi ndogo haikai mahali tulipoiweka. Sisi tulidhani tumemdhulumu mwenye duka kubwa, kumbe mzigo ulimwangukia mtumishi wake. Mfanyakazi akichelewa kazini kila siku dakika kumi na tano, kuna mwenzake anayefanya kazi yake. Mwenye mizani akiiinamisha kidogo, kuna mtoto anayelala na njaa kidogo. Mama akimshuku msichana wa kazi, asiseme baadaye kwamba kijiko kilionekana chini ya kabati, msichana yule anabaki na sifa mbaya mtaani. Kunyamaza nako ni tendo. Katika ungamo la zamani la Kitabu cha Sala twakiri kwanza yale tuliyopaswa kuyafanya tukayaacha, kabla hatujataja yale tuliyoyafanya vibaya. Tusiyaseme maneno hayo kwa mdomo tu.

Pili, toba ina miguu. Wazee wetu walilijua jambo hili katika Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Gahini katika Rwanda na kuenea Uganda katika miaka ya 1930, ukafika Kenya mwaka 1937. Waliookoka siku zile hawakuishia kuimba na kushuhudia. Walirudisha. Watu walirudisha mali za majirani na vitu vya waajiri wao, na wengine wakatembea mwendo mrefu kwenda kupatana na mtu mmoja tu. Walikuita kutembea nuruni. Huenda sisi watoto wao tumezishika nyimbo zao, tukaisahau safari ile ya miguu.

Tatu, na hili tulisikilize vizuri, kurudisha si bei ya kununulia msamaha. Mtazameni Zakayo kule Yeriko. Alikuwa mkuu wa watoza ushuru, na watu walimnung'unikia. Luka hasemi kwamba Bwana alimdai hesabu alipokuwa juu ya mkuyu. Alimwita kwa jina lake, akasema atakaa nyumbani mwake. Neema ilitangulia. Ndipo Zakayo akasimama, akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kuahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Sheria ya mtu aliyekiri mwenyewe ilidai kuongeza sehemu ya tano tu. Yeye alikwenda mbele zaidi, kwa kuwa mgeni aliyekuwa mezani kwake alikuwa amemgeuza moyo. Mtu aliyesamehewa haulizi, "Nitoe kidogo kiasi gani ili niishe deni?"

Basi tunawaomba mfanye jambo moja leo, kabla jua halijatua. Kumbukeni kitu kimoja, si kumi, kilicho mikononi mwenu na si chenu. Pengine ni chenji. Pengine ni jembe la jirani lililokaa kwenu tangu mvua zilizopita. Pengine ni jina la mtu, mlilolichafua kwa neno moja kisimani au katika mkutano wa akina mama au barazani. Msiseme, "Nitaomba juu ya jambo hili." Kuomba ni kuzuri, nasi tuliomba juma zima ili tusiende. Nendeni kwa mwenyewe. Kilichochukuliwa kwa siri kirudisheni, na kilichosemwa mbele ya watu kirekebisheni mbele ya watu. Nawe ukiona haya, usiende peke yako. Mwambie mke wako, au mume wako, au ndugu mmoja katika Bwana, akusindikize.

Na ikiwa wewe ndiwe yule kijana, uliyebebeshwa kosa la mwingine, na hakuna aliyekuja kulisafisha jina lako, jua kwamba Mwokozi wetu alihesabiwa pamoja na wahalifu naye hakuwa na hatia. Yeye anakujua. Jina lako halijachafuka mbele zake hata siku moja.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu, wewe waona kilicho mfukoni na kilicho moyoni. Utusamehe kwa kuwaachia wengine walipe madeni yetu. Utupe ujasiri wa kwenda kwa yule tuliyemkosea, na unyenyekevu wa kusimama pale alipoaibishwa. Uwaponye walioitwa kwa majina yasiyo yao. Ulikuze ndani yetu tunda la Roho wako, siku kwa siku, katika mambo madogo ya nyumbani, ya dukani na ya shambani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwe na siku njema. Bwana awabariki na kuwalinda.